Filbert Bayi na Simbu, nani mkali? Jibu kwa kijana wa Wete

Wa alaykum salaam mwanangu, na mzee nae umfikishie salamu zangu.

Kwa wengine wanaosoma, kijana huyu swali lake nalifupisha hivi: kila jioni yeye na baba yake wanazozana, mzee anashikilia Tanzania haijapata kutoa mkimbiaji kama Filbert Bayi na wala haitotoa, na yeye anasema Alphonce Simbu ndo zaidi kwa sababu kachukua dhahabu ya dunia ya marathon wakati Bayi hana dhahabu ya dunia wala ya Olimpiki, halafu ile 3:32 (dakika tatu na sekunde 32) ya Bayi ya mita 1500 inayosifiwa miaka yote leo haipati hata shaba. Mwisho ananiuliza, mwalimu wewe umeshika saa viwanjani miaka yote hio, watu wa zama mbali mbali wanapimwa vipi, mie na baba nani kasema kweli, na Bayi angevaa viatu vya leo angekimbia ngapi.

Nianze na hukumu kabisa nisije nikakuchosha: baba yako kashinda, ila sababu anazozitoa sizo, na wewe ungeweza kumbana vizuri tu kama usingekimbilia kwenye saa. Sasa tukae.

Saa naijua. Nimeishika mkononi zaidi ya miaka ishirini kwenye mashindano ya maskuli na sijaona kitu kinachoaminiwa bure kama saa. Zamani zetu hatukuwa na bastola, tulikuwa na vibao viwili vya mbao, mwanzishaji anavigonga kule wanakoanzia na sisi wapima muda tuko huku mita 100 mbali, na sharti uangalie vibao vikifunga usingojee mlio, maana mlio unakuja nyuma karibu sekunde 0.3 na ukiungojea ushampunguzia mtoto wa watu muda bila ya yeye kufanya kitu. Tunakuwa watu watatu saa tatu, mtoto mmoja, huyu anasoma 11.2 yule 11.4 mwengine 11.5, unachukua ya katikati unaandika, na jioni mtoto anarudi kwao na rekodi. Wala usidhani ni Pemba tu, dunia nzima ilikuwa hivo hivo, ndo maana wakubwa wa riadha wakaamua kuanzia 1977 rekodi za mbio fupi zikubaliwe za saa ya umeme peke yake, na mpaka leo ukitaka kuilinganisha mita 100 ya saa ya mkono na ya umeme, ile ya mkono unaiongeza kwanza sekunde 0.24. Sekunde 0.24 kwenye mita 100 ni zaidi ya mita mbili, yaani ndo dhahabu na kukosa medali kabisa.

Halafu kuna kiwanja chenyewe. Kuna skuli moja sitoitaja, ilikuwa na rekodi ya mita 1500 ubaoni, 4:02, imekaa miaka hakuna mtoto anaeisogelea, walimu wanawasema watoto kila siku kwamba nyinyi wa siku hizi mnakula chipsi na mnalala na simu. Siku moja kiwanja kikataka kuchorwa upya tukaenda na utepe wa kupimia, mzunguko tuliokuwa tunauita mita 400 ukatoka mita 384! Piga hesabu mwenyewe, mizunguko mitatu na robo tatu ya mita 384 ni mita 1440, kwa hio yule bwana alikimbia mita 1440 kwa 4:02 na mita 60 zilizobaki kwa spidi ile ile zingemchukua sekunde kumi nyengine. Si 4:02, ni 4:12. Mwenyewe yupo hai ana duka lake, na tangu siku ile soda kwake nanunua kwa bei ya mgeni.

Kwa hio ukiniletea namba mbili, moja ya Bayi ya 1974 na moja ya 1998 ya rekodi ya leo, nakuuliza kwanza zilikimbiwa wapi, chini kuna nini, miguuni kuna nini, na nani alikuwa mbele yake. Jesse Owens pale Berlin 1936 alishinda mita 100 kwa 10.3, na Usain Bolt uwanja ule ule wa Berlin 2009 akakimbia 9.58, watu wakiziona wanacheka, wanasema Owens angeachwa mita saba. Owens alikimbia juu ya makaa yaliyosagwa na kushindiliwa, na vibao vya kuanzia vya kukanyagia miguu havikuruhusiwa Olimpiki ile kwa hio wakimbiaji walichimba vishimo vyao wenyewe kwa kijembe kidogo cha bustani. Mpe Bolt kijembe kwanza halafu ndo tuzungumze mita saba.

Sasa tuje kwenye mita 1500, na hapa ndo saa yako inakuangusha vibaya. Olimpiki ya Rio 2016 mita 1500 wanaume alishinda Mmarekani Matthew Centrowitz kwa 3:50.00. Tatu hamsini! Bayi wa 1974 alimaliza kwa 3:32.16, yaani kama saa ndo hakimu basi Bayi alimwacha bingwa wa Olimpiki aliekuja miaka 42 baada yake kwa sekunde 17 na ushei. Na kichekesho kikubwa zaidi, wiki chache baadae kwenye Paralimpiki hapo hapo Rio, mbio za wenye uoni hafifu, watu wanne wa mwanzo wote walikimbia chini ya 3:50. Je Centrowitz alikuwa mkimbiaji dhaifu? Hata kidogo, fainali ile watu walitembea kwanza wakiviziana, kila mmoja anaogopa kumkatia mwenzake upepo, halafu mzunguko wa mwisho ndo wakafyatuka. Alishinda mbio aliyoikuta. Mbio za ubingwa ni mchezo wa karata, na mbio za rekodi ni mchezo mwengine kabisa, ukizichanganya utatukana watu wasiokukosea.

Ndo maana nasema ile ya Christchurch tarehe 2 Februari 1974 ni kitu cha ajabu, kwa sababu Bayi alizifanya zote mbili kwa wakati mmoja. Ilikuwa fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, si mbio ya kupangwa ya kutafuta rekodi, hakuna aliekodiwa kuvuta kasi. Kijana wa miaka 20, mwanajeshi kutoka Tanzania, mlio tu akatoka mbele, na hakutoka kwa hila ile ya kwenda mbele ukapunguza, alitoka kweli, wakifika mita 800 wenzake wako nyuma huko wanamwona mgongo tu na kila mtu anangojea afe. Maana kawaida anaetoka hivo hufa. Mzunguko wa mwisho John Walker wa New Zealand, yuko kwao, uwanja mzima unampigia kelele, anamla Bayi hatua kwa hatua na hampati. Bayi 3:32.16, Walker 3:32.52, wa tatu Ben Jipcho wa Kenya 3:33.16. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa ya Jim Ryun, 3:33.1 tangu 1967, kwa hio hata Walker aliepigwa kaivunja. (Mwenzangu mmoja wa kushika saa alipenda kuniuliza kwa nini vitabu vingine vimeandika 3:32.2, ni kwa sababu rekodi za masafa hayo siku zile ziliandikwa kwa sehemu ya kumi tu, inapandishwa.)

Utaniambia kukimbia mbele ni mtindo tu. Si mtindo, ni gharama. Anaekimbia mbele anaukata upepo peke yake na walioko nyuma wanakunywa kivuli chake, na zaidi ya upepo kuna akili, wa nyuma anakuona na wewe humuoni. Kama hujaamini nenda kaangalie fainali ya Paris 2024, Jakob Ingebrigtsen wa Norway, bingwa mtetezi, kajaribu mchezo ule ule wa Bayi, katoka mbele mwanzo mpaka mzunguko wa mwisho, kamaliza 3:28.24, muda ambao miaka yote ya baba yako kijana ungekuwa rekodi ya dunia, na hakupata hata shaba. Cole Hocker alishinda kwa 3:27.65, Josh Kerr wa pili, Yared Nuguse wa tatu kwa 3:27.80, wote wametoka mgongoni kwake. Bayi alifanya kitu kile kile hawakumpata.

Na rekodi ya leo, 3:26.00 ya Hicham El Guerrouj wa Morocco, Roma Julai 1998. Ukizitia kwenye uwanja mmoja El Guerrouj anapokata utepe Bayi yuko mita 43 au 44 nyuma, sikufichi. Lakini ile ya Roma ilipangwa ivunje rekodi, kulikuwa na watu kazi yao ni kuvuta kasi kwa spidi iliyokubaliwa halafu wanatoka pembeni, na bingwa anakuja nyuma yao kakingwa upepo. Siku hizi kuna na taa zimewekwa ukingoni mwa uwanja zinakimbia kwa kasi ya rekodi, mkimbiaji anaifuata taa tu, Joshua Cheptegei wa Uganda alizivunja rekodi za mita 5000 na 10,000 mwaka 2020 taa zikimtangulia. Hakuna ubaya, sheria inaruhusu, na mguu bado ni wako. Ila huwezi kumchukua mtu aliebebewa taa na waongoza kasi ukamweka sawa na mtu alieamua mwenyewe peke yake kichwani mwake kwamba kasi ni hii, halafu ukaniambia saa imesema.

Sasa unaniuliza tunapimaje. Mie nnavyopima naangalia wenzake. Simchukui Bayi nikamleta 2025 wala simrudishi Simbu 1974, namwacha kila mtu katika zama zake na namuuliza: waliokula unachokula, wakavaa unachovaa, wakakimbia juu ya unachokimbilia, uliwazidi kiasi gani na kwa muda gani? Rekodi ya Bayi ilikaa mpaka Agosti 1979, miaka mitano na nusu, na alieivunja ni Sebastian Coe wa Uingereza, na Coe na ukubwa wake wote aliikata kwa sehemu moja tu ya kumi, 3:32.03 ikaandikwa 3:32.1. Mei 1975 Bayi akaivunja na ya maili pale Kingston Jamaica, 3:51.0, ingawa hio Walker akamnyang'anya Agosti ya mwaka ule ule kwa 3:49.4, mtu wa kwanza chini ya 3:50. Kwa hio kati ya 1974 na 1976 duniani kuna watu wawili tu kwenye masafa hayo, na wote wawili wanajuana.

Halafu ikaja Montreal. Hapa ndo kiini cha ubishi wenu na wewe umepita juu yake kama mtu anaepita juu ya maji ya mvua. Unasema Bayi hana dhahabu ya Olimpiki. Hana kwa sababu hakwenda! Nchi zaidi ya ishirini za Afrika ziligoma 1976, Tanzania ikiwa mbele, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu na haikufukuzwa kwenye michezo. Basi fainali ya mita 1500 ikakimbiwa bila ya mwenye rekodi ya dunia, na alieshinda ni nani? Walker, wa New Zealand, kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya alichokimbia Bayi miaka miwili kabla. Sisemi Bayi angeshinda, 3:39 ni mbio ya kuviziana na mbio za kuviziana Bayi hakuzipenda, pengine angetoka mbele ikawa mbio nyengine kabisa, pengine angekamatwa. Nnachosema ni kwamba usimhesabie mtu deni la mechi ambayo nchi yake haikumpeleka. Akaja Moscow 1980 kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, akatoka mbele vile vile ndo tabia yake, Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho, akachukua fedha kwa 8:12.48. Fedha ile na ya Suleiman Nyambui ya mita 5000 mwaka ule ule ndo medali mbili tu za Olimpiki ambazo Tanzania imezipata mpaka inamalizika Paris 2024.

Haya, na Simbu? Simbu ana haki yake na hapa mzee akae asikilize. Tokyo Septemba 2025, joto na unyevu ule ambao sisi watu wa visiwani tunaujua, kilomita 42 na ushei, watu wanaanguka njiani, na inafika mstarini Simbu na Mjerumani Amanal Petros wanatupa vifua pamoja mpaka ikabidi picha iangaliwe. Wote wameandikiwa 2:09:48. Tofauti sekunde 0.03. Baada ya zaidi ya saa mbili! Mie nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai mkononi nikakimwaga kwenye kanzu. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, na shaba ya London 2017 tayari alikuwa nayo, maana yake miaka minane yuko juu, si mtu wa kubahatisha.

Lakini tumpime kwa kipimo kile kile. Nitakupa mtu wa mji ule ule. Abebe Bikila wa Ethiopia, marathon ya Olimpiki ya Tokyo Oktoba 1964, 2:12:11, wiki chache tu tangu apasuliwe kidole tumbo. Baina yake na Simbu kuna miaka 61 na tofauti ni dakika mbili na sekunde 23 tu, na Simbu ana viatu vya soli nene yenye sahani ngumu ndani yake inayomrudishia nguvu kila akikanyaga. Ukiangalia saa Simbu kashinda. Ukiangalia wenzao, Bikila alimwacha wa pili dakika nne na zaidi, ikawa ndo marathon ya kasi kuliko zote duniani mpaka siku ile, na miaka minne kabla alishaichukua ya Roma miguu mitupu. Simbu ile 2:09:48 yake, kwa joto lile, imemtosha kushinda siku ile, lakini marathon ya dunia Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, keshaifikisha 2:00:35 Chicago 2023. Simbu ni bingwa wa siku, Bikila alikuwa bingwa wa zama. Vyote viwili ni ubingwa, ila havina ukubwa mmoja.

Kuhusu viatu kidogo, maana vijana mnavidharau. Mpaka 2020 ikabidi iwekwe sheria soli za mbio za barabarani zisizidi milimita 40 na sahani iwe moja tu, kwa sababu muda ulianza kushuka kama ndoo iliyokatika kamba. Juma Ikangaa alishinda New York 1989 kwa 2:08:01 na viatu vya soli nyembamba, na mwaka mmoja kabla yake Boston alipigwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Huyo Ikangaa wala hamumtaji kwenye ubishi wenu, wewe na baba yako nyote, na mie ningelimtia kabla ya kumtia mtu mwengine yoyote. (Bayi, Ikangaa, Simbu, wote wanajeshi, sijui mmeliona hilo.)

Watu wa bahari wanalijua jambo hili bila ya kusoma. Resi za ngalawa, nahodha akishinda wakati wa kusi huendi kumlinganisha kwa dakika na aliekuja kushinda kaskazi, hata kama mwendo ni ule ule na ngalawa ni ile ile, utachekwa pwani nzima. Unauliza tu: siku ile wangapi walitoka, na aliwaacha wapi. Na ng'ombe wanaochezwa Pujini huku Pemba je, nani aliewahi kuniambia fahali wa babu yake alikuwa mkali kuliko wa sasa na akanitolea saa?

Kitu kimoja cha haki nimpe kijana kabla sijamaliza, na mzee akikisikia asikasirike. Christchurch haikuwa dunia nzima, ilikuwa Jumuiya ya Madola, hapakuwa na Wamarekani wala Wajerumani wala Wafaransa, na jumla ya watu waliokuwa na nafasi ya kukimbia kwa kweli duniani miaka ile ilikuwa ndogo kuliko leo, Ethiopia na Kenya hazikuwa zinatoa watu kwa mamia kama sasa. Kuwazidi wenzako kumi si sawa na kuwazidi wenzako elfu. Hii ndo hoja ungeitumia. Badala yake ukaja na saa.

Na ile ya Pelé na Messi nani zaidi uliyoitia chini ya barua, ambayo hapa Chake inavunja urafiki kila wiki, nakujibu kwa haraka kwa sababu mpira si fani yangu: kwenye fainali za Kombe la Dunia kabla ya 1970 hakukuwa na kubadilisha mchezaji wala refa hakuwa na kadi mfukoni. Pelé 1966 Wareno walimpiga mateke mpaka akabaki anachechemea uwanjani, hana wa kumwingilia. Messi akiguswa kifundo refa keshatoa mkono mfukoni. Ukitaka kuhesabu mabao uyahesabu na mateke. Hata timu yetu wenyewe, Zanzibar Heroes ya 1995 ilileta kombe la Challenge kutoka Uganda, ya 2017 ikafika fainali na Wakenya huko kwao Machakos ikaenda 2-2 ikafungwa kwa penalti, ya Januari 2025 ikaipiga Burkina Faso 2-1 hapa hapa Gombani ikachukua Mapinduzi. Kwa vikombe ile ya 2017 ndo mbovu. Mie nimeziona zote tatu na kama ningekuwa na tiketi moja tu ningekwenda kuiangalia hio mbovu.

Na nikiri udhaifu wangu, maana ukisoma hukumu sharti umjue hakimu. Mwaka 1974 nlikuwa mtoto wa skuli, habari ya Bayi tuliisikia redioni kwa jirani tumejaa mlangoni, na kesho yake skuli nzima ilikuwa inakimbia mbele, hakuna anaekubali kukaa nyuma, tukawa tunakufa wote mzunguko wa pili. Baba yako pengine alikuwa mmoja wa watoto kama sisi. Bingwa uliemsikia una miaka kumi hakuna wa kumpiku, hata akija malaika na viatu vya sahani. Kwa hio mzee anapokwambia haitotokea tena, hapo anazungumza utoto wake, usimbishie, mwache. Lakini anaposema Bayi alikuwa juu ya wenzake kuliko Simbu alivyo juu ya wenzake, hapo anasema kweli na ushahidi nimekupa.

Umeniuliza viatu vya leo. Mpe Bayi wa miaka 20 viatu vya sasa, kiwanja cha sasa, mtu wa kumkatia upepo mita 1000 za mwanzo na zile taa ukingoni, mie kwa jicho langu la kupima muda nampa 3:29 bila ya wasiwasi, na 3:28 sikatai. 3:26 sitoi, hata mzee akinialika Wete akanipikia pweza wa nazi.